Mlango wa mbele wa mninga hapa Dodoma: nipige rangi ya mafuta au steni?

mkazi_nzuguni (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimehamia kwenye nyumba yangu Nzuguni, kazi ndogondogo za kumalizia zinaendelea kadiri mfuko unavyoruhusu. Mlango wa mbele umeshafungwa. Ni wa mninga, paneli sita, upana sm 90 na urefu sm 210. Mpaka sasa ni mbao tupu, seremala alipiga randa na msasa akaishia hapo. Unatazama magharibi. Baraza ipo ila ni fupi, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri jua linaanza kuingia kwa chini, na ikifika saa kumi na moja limeujaza wote.

Nyumbani tumegawanyika. Mke wangu anataka rangi ya mafuta, kijani iliyokolea, kwa sababu vumbi la huku tunalijua na anataka kitu cha kufuta kwa kitambaa chenye maji. Mimi roho inaniuma kuufunika mninga niliousubiri muda mrefu. Fundi rangi wetu anasema nipige sendi sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi) halafu vanishi ya kung'aa. Na kwenye duka moja la vifaa nimeambiwa kuna steni ya nje, ile inayonywewa na mbao badala ya kukaa juu yake kama ngozi.

Jumapili nilizunguka Ilazo, Kisasa na Iyumbu nikiangalia milango ya watu. Milango ya vanishi inayotazama jua mingi imebabuka sehemu ya chini, ina mabaka meupe na meusi, na nyumba zenyewe ni mpya. Ya rangi ukiwa mbali inaonekana mizima, ukisogea unaona mistari mieupe pembeni ya paneli.

Naomba ushauri wa watu wanaolijua jua la Dodoma. Ushauri wa Dar nimeupata mwingi, ila hali ya hewa siyo moja.

seremala_kizota

Mbukwenyi wakuu. Mleta uzi, hongera kwa kuhamia.

Nianze na hiyo vanishi, kwa sababu ndiyo inayoharibu milango mingi hapa mjini na wateja wanatulaumu sisi maseremala. Uliyoyaona Kisasa yana sababu. Vanishi ni kama kioo cha dirisha: haina rangi ndani yake ya kuzuia jua, mionzi inapita moja kwa moja hadi kwenye mbao. Mionzi ile inavunja kitu kinachoitwa lignini, ambacho ndicho kinachozishika nyuzi za mbao pamoja. Ngozi ya juu inaweza kuwa bado nzima inang'aa, lakini mbao iliyo chini yake imeshaanza kuwa unga, kwa hiyo vanishi haina tena pa kushika. Inapasuka. Mvua ya Desemba inaingia kwenye ufa, maji yanakaa chini ya ngozi hayana pa kutokea, kuvu inaota. Hayo ndiyo mabaka meusi. Meupe ni pale ngozi iliponyanyuka na hewa ikaingia.

Chini ndiko kunakoanza kwa sababu mbili. Baraza fupi inakinga juu tu, halafu mvua ikipiga sakafu inaruka na kulowesha ubao wa chini wa mlango.

Sendi sila ni ya kabati na vitanda, vitu vya ndani. Inakauka haraka na inakuwa ngumu, haivutiki pale mbao inapovimba na kusinyaa. Ukiiweka kwenye mlango wa nje halafu juu yake vanishi nzuri, umejenga juu ya msingi mbovu. Kama mtu anang'ang'ania vanishi, basi iwe ya nje, ile ya kupaka mashua, yenye kinga ya jua na inayonyumbulika, na mlango uwe chini ya baraza kubwa. Wako hauna baraza hiyo.

Kwa hiyo mimi naiondoa vanishi mezani. Umebaki na rangi au steni, na hapo mimi nipo upande wa steni kwa mninga. Sababu nitazitoa, kwanza nisikie wengine.

fundi_rangi_majengo

Seremala amesema kweli kuhusu vanishi. Kuhusu steni napingana naye, na naomba asichukie.

Nimepaka milango mingi Dodoma hii. Kinachokinga mbao dhidi ya jua ni chembechembe za rangi zilizomo kwenye kopo. Rangi ya mafuta inazo nyingi, inafunika mbao yote, mwanga haupiti kabisa. Steni inazo kidogo. Hilo halina ubishi. Ndiyo maana rangi iliyopigwa vizuri inakaa miaka mingi kabla ya kuguswa, na steni kwenye mlango wa magharibi usiokuwa na kivuli inataka mkono wako kila mwaka mmoja au miwili.

Sasa niulize: nani hapa mjini anahudumia mlango wake kila mwaka? Mtu akishahamia, hela inaenda kwenye uzio, kisima, ada. Mlango unasahaulika. Steni ikisahaulika, mbao inakuwa ya kijivu na kukwaruza. Rangi ikisahaulika, inapauka tu, na bado inakinga.

Masharti yake ni haya. Rangi ya mafuta inataka praima ya mbao kwanza (mkono wa chini kabisa unaoshika mbao), siyo kuchukua rangi ya juu ukaipunguza kwa tapentaini ukaiita praima. Halafu andakoti (mkono wa katikati), msasa mwepesi, na rangi ya juu mara mbili. Mlango wa sm 90 kwa 210 una kama mita za mraba 1.9 kila upande, pande zote mbili hazifiki nne. Lita moja ya rangi ya juu inafunika kwa kawaida mita za mraba kumi hivi, kwa hiyo lita moja inakutosha kwa mikono miwili. Usiuziwe galoni ya lita 4 kwa mlango mmoja.

Kwa mninga kuna jambo la ziada: una rangi yake ya asili, nyekundu na kahawia, na inaweza kupanda juu na kutia doa kwenye rangi nyeupe au krimu. Tumia praima ya mafuta au sheleki (kimiminika cha kuziba mbao) chini, hiyo ya maji itapitisha.

Na rangi iliyokolea kwa mlango wa magharibi, mwambie shemeji afikirie tena. Kijani kizito kinakula joto. Saa kumi jioni mwezi wa kumi utashindwa kuweka kiganja juu yake. Mbao ikipashwa hivyo kila siku inakauka kupita kiasi na paneli zinasinyaa.

mama_wa_iyumbu

Mimi siyo fundi ila nina mlango unaotazama mashariki, wa paini ya Mufindi, na nilichagua rangi. Krimu. Nina watoto na mlango unashikwa na mikono yenye kila kitu. Kila Jumamosi naupitisha kitambaa na maji ya sabuni, vumbi jekundu linatoka lote. Tangu tuhamie tumerudishia sehemu ya chini tu, na ndani haijaguswa kabisa.

Jirani yangu alipaka mlango wa paini kama wangu rangi nyeusi, akafuata mtindo wa picha za mtandaoni. Nyumba yake inatazama magharibi. Utomvu umetoka kwenye vifundo na kuteremka juu ya rangi, na paneli mbili zimepasuka katikati. Fundi wake hakuziba vile vifundo kabla ya kupaka. Mimi wa kwangu alivipaka sheleki mara mbili, nikamwona kwa macho yangu.

Mke wa mleta uzi namuunga mkono kuhusu usafi. Vumbi la huku linaingia kwenye mbao isiyo laini halitoki.

mstaafu_makole

Vijana, swali la kwanza lilipaswa kuwa kivuli. Hakuna kopo linaloshinda kivuli.

Dodoma tupo kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Maana yake jua linachomoza na kuzama karibu na mashariki na magharibi kamili mwaka mzima, haliyumbi sana kama nchi za mbali na ikweta. Mlango wa kaskazini unapata jua mwezi wa sita na wa saba, lakini saa sita mchana linakuwa juu sana, baraza ya mita 1.2 tu inatupa kivuli cha kama mita mbili na kuufunika mlango mzima. Wa kusini unalipata Desemba, na linakuwa juu zaidi ya hapo. Lakini mlango wa magharibi jua linaujia uso kwa uso. Saa kumi na moja jioni limeshuka, baraza ile ile haifuniki hata mita moja ya juu.

Wanaojenga sasa Nala, Mtumba, Msalato, hili mlipange kwenye ramani. Viwanja vingi vinamlazimisha mtu kutazama barabara, nalielewa hilo, lakini unaweza kuuingiza mlango ndani kidogo ya ukuta wa mbele, au kuuweka ubavuni mwa baraza. Mleta uzi ameshajenga. Kwake ningeshauri kijipaa cha mabati kinachotoka zaidi, au hata mti. Mwarobaini unakua vizuri huku na hauombi maji mengi.

mtaalamu_wa_mbao

Nilisoma chuo cha viwanda vya misitu pale Moshi, FITI. Niongeze kidogo kuhusu mbao yenyewe, kwa sababu watu wanachagua kopo bila kujua mbao inafanya nini ndani.

Mbao inaanza kusinyaa pale unyevu wake unaposhuka chini ya kama asilimia 28 hadi 30. Juu ya hapo inapoteza maji tu, haibadiliki ukubwa. Chini ya hapo kila tone linalotoka linaipunguza upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, ni upana. Dodoma mvua inanyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka haizidi sana milimita 600. Miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Mlango uliotengenezwa Pwani, ambako hewa ina unyevu, ukiletwa huku mwezi wa saba lazima usinyae. Hakuna rangi wala steni inayozuia hilo, zinachelewesha tu.

Ile mistari mieupe aliyoiona kwenye milango ya rangi inatoka hapo. Paneli inatakiwa icheze ndani ya mfereji wake, haitakiwi kugundishwa. Kiangazi inasinyaa, ukingo uliokuwa umejificha ndani ya mfereji unatokeza bila rangi. Dawa yake ni kupaka paneli zikiwa bado hazijaunganishwa, hadi kwenye kingo. Kwa mlango uliokwisha kuunganishwa, paka mwisho wa kiangazi paneli zikiwa zimesinyaa. Na wanaogundisha paneli ili zisicheze ndio wanaopata nyufa za katikati, kama jirani wa mama wa Iyumbu.

Mninga una sifa moja kubwa: unasinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine, ndiyo maana mafundi wa zamani waliupenda kwa milango na madirisha. Paini inacheza zaidi. Kwa hiyo mlango wa mninga ukishakauka vizuri hautakusumbua, uchague rangi au uchague steni. Tofauti ya kweli ipo kwenye siku ya kurudia, na hapo naona seremala ana hoja bado hajaitoa.

seremala_kizota

Naitoa sasa, na namshukuru fundi rangi kwa kubishana kistaarabu.

Ngozi yoyote inayokaa juu ya mbao, siku ikichoka, inabanduka. Huwezi kupaka mpya juu ya iliyobanduka. Lazima uikwangue yote hadi mbao, na kwenye paneli sita zenye pembe na michongo hiyo kazi inaumiza mikono na inakula siku. Steni haina ngozi. Ikichoka inapauka, inapotea polepole. Unaosha mlango, unapitisha msasa mwepesi, unapaka mkono mmoja, unafuta iliyozidi. Asubuhi moja imeisha. Huhitaji hata fundi.

La pili ndilo ambalo ningependa mleta uzi alale nalo. Kutoka steni kwenda rangi ni rahisi: siku mkichoka kuhudumia, piga msasa, praima, rangi, mmemaliza. Kutoka rangi kurudi kwenye steni ni karibu haiwezekani. Mninga una vitundu vikubwa, vinaonekana kwa macho. Rangi ikishaingia mle, ukwangue, uweke dawa ya kubandua, utabaki na vidoa vya kijani ndani ya vitundu maisha yote. Nimeletewa milango ya namna hiyo, mtu kanunua nyumba anataka mninga uonekane. Nimelazimika kupiga randa hadi mlango ukawa mwembamba. Anayeanza na steni amebaki na njia zote mbili. Anayeanza na rangi amefunga moja.

Kwa paini nakubaliana na fundi rangi kabisa. Mbao ya paini haina cha kuonyesha, ina vifundo, inacheza, na kinga yake ya asili dhidi ya mchwa na kuoza ni ndogo. Ipakwe rangi, tena nyepesi. Lakini mninga una uimara wake. Hauhitaji kufichwa ili udumu.

kijana_wa_kondoa

Samahani wakuu, huku kwetu wazee wanapaka oili chafu ya gari kwenye milango na nguzo. Mbao inakuwa nyeusi nzuri na mchwa hawagusi. Kwa nini asifanye hivyo tu?

fundi_rangi_majengo

Kijana, kwa nguzo za uzio watu wanafanya, lakini mlango wa nyumba usipakwe kabisa. Oili ya gari haikauki. Itashika vumbi lote la Dodoma, itapaka nguo za wageni, na ile iliyotoka kwenye injini ina uchafu wa metali usiofaa kushikwa na mtoto kila siku. Na ukishaiweka, hakuna rangi wala steni itakayoshika tena. Wapo wateja waliokuja na milango hiyo nikawarudisha. Kama hofu ni mchwa, tumia dawa ya mchwa iliyotengenezwa kwa mbao, iache ikauke, halafu endelea. Na uangalie miimo ya mlango zaidi kuliko mlango, maana mchwa wanapanda kutoka chini kwenye miimo iliyogusa udongo.

mstaafu_makole

Nyongeza kwa wanaotumia mafuta ya linsidi, maana najua watakuja. Yanapendeza siku ya kwanza, lakini peke yake hayana kinga ya jua na yanachelewa kukauka, vumbi linanasa. Na matambara uliyofutia usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye ndoo ya maji. Hata steni za mafuta zina tabia hiyo. Hili nalisema kwa uzito.

mkazi_nzuguni

Nimesoma yote na mke wangu ameyasoma. Mmetusaidia sana. Hoja ya kutoweza kurudi nyuma imemgusa hata yeye. Maswali tuliyobaki nayo:

Je, tunaweza kupiga steni nje na rangi ndani? Ndani ndiko watoto wanakoshika zaidi.

Steni ipi kati ya nyepesi na nzito? Dukani kuna isiyo na rangi kabisa, kuna ya asali, kuna kahawia, kuna nyeusi.

Na vumbi tunalifanyaje? Mama wa Iyumbu ana hoja.

mtaalamu_wa_mbao

Nje steni na ndani rangi inawezekana. Sharti ni kwamba pande zote sita za mlango zizibwe, nikihesabu juu, chini na kingo mbili. Ukiacha upande mmoja mtupu, mbao itanywa na kutoa unyevu upande mmoja kuliko mwingine, na mlango utapinda. Kingo za juu na za chini ndizo zinazosahaulika kwa sababu hazionekani, na ndipo maji yanapoingia kwa kasi, kwa kuwa ncha za mbao zinakunywa mara nyingi zaidi ya uso wake. Ushushe mlango kwenye bawaba. Usikubali fundi akuambie atapaka ukiwa umening'inia.

Steni isiyo na rangi usinunue kwa mlango huo. Kinachokinga ni chembechembe za rangi, kama fundi alivyosema, na isiyokuwa nazo inaruhusu jua lipite kama vanishi. Nyeusi itakupa joto lile lile la rangi nyeusi. Chukua kahawia ya kati, inayokaribiana na mninga wenyewe. Soma kopo liwe limeandikwa ni la nje. Na iwe yenye chembechembe za rangi, kwani zile za kimiminika kitupu zilizotengenezwa kwa samani za ndani zinapauka juani upesi.

seremala_kizota

Na jinsi ya kufanya, niandike kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo kazi inapoharibikia.

Mbao yako imekaa tupu juani. Hata wiki chache za jua zinatosha kuua ule uso wa juu, chochote utakachopaka hakitashika vizuri. Anza na msasa namba 80 pale palipopauka, halafu 120, ishia hapo au 150. Wengi wanakwenda hadi 240 ili iwe laini kama kioo. Kwa kabati ni sawa. Kwa steni ya nje unaziba vitundu na mbao haitanywa. Piga msasa kwa kufuata mistari ya mbao, usikatishe, kwani mikwaruzo yote itajitokeza ukishapaka. Vaa barakoa. Vumbi la mninga linawasha ngozi na linabana kifua cha wenye pumu, na watoto wasiwe karibu.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye tina kidogo (ile ya kupunguzia rangi), acha ipae. Halafu chukua kipande cha mninga kilichobaki kazini, ukipake kwanza, ukiweke juani ukiangalie siku kadhaa. Rangi ya kwenye kopo na rangi juu ya mbao yako ni vitu viwili. Kama seremala wako alitupa vipande, paka ukingo wa juu wa mlango, ndiyo sehemu isiyoonekana.

Koroga kopo hadi chini, chembechembe huwa zimetua. Paka paneli kwanza, halafu mbao za katikati, mwisho mbao ndefu za pembeni. Subiri kama dakika kumi hadi kumi na tano, kisha futa yote iliyobaki juu. Yote. Ukiacha imekaa itafanya ngozi yenye kunata, na hapo umetengeneza vanishi mbaya. Kesho yake mkono wa pili. Kingo za juu na chini zipe mikono mitatu.

Kuhusu muda: usipake juani na usipake mchana wa mwezi wa saba au wa nane. Upepo wa Dodoma unaanza kupanda jua likipanda, na utaokota vumbi lote. Anza alfajiri ndani ya chumba au gereji, mlango umelazwa kwenye vigoda.

mama_wa_iyumbu

Kwa vumbi kwenye steni nimeuliza fundi wangu. Kasema brashi laini kavu kwanza kwenye michongo ya paneli, halafu kitambaa kilichokamuliwa. Usianze na maji, vumbi jekundu likilowa linakuwa tope na linaingia kwenye vitundu. Na sabuni ya unga usitumie, ni kali, inakula steni. Hilo hata mimi kwenye rangi yangu nimeliacha, natumia sabuni ya vyombo kidogo.

fundi_rangi_majengo

Sawa. Kwa mninga na kwa mtu aliye tayari kuuhudumia, nakubali steni. Msimamo wangu kuhusu wasiohudumia haujabadilika, na mleta uzi ajijue yupo kundi gani kabla hajafungua kopo.

Kipimo ni hiki. Kila mwezi wa kumi na moja kabla ya mvua, nyunyizia maji kidogo sehemu ya chini ya mlango. Matone yakisimama, bado una mwaka. Yakinywewa na mbao ikawa nyeusi, paka wikiendi hiyo hiyo. Usingoje Krismasi.

Na miimo ya mlango, hiyo fremu ya ukutani, ipakeni kijani cha shemeji. Imekaa ndani ya ukuta, haipigwi na jua kama mlango, na rangi itaikinga na maji yanayotoka kwenye plasta. Atapata kijani chake.

mkazi_nzuguni

Hiyo ya miimo imemaliza ubishi nyumbani. Uamuzi: steni ya kahawia ya kati nje, rangi ya krimu ndani, miimo kijani. Mlango nimeshaushusha, tumeweka wa bati wa muda. Kijipaa cha mabati nitakiongeza mita moja kabla ya mvua, nimeshaongea na fundi wa kuchomelea.

mgeni_manyoni

Wakuu nimechelewa, nipo Manyoni. Mimi nina milango miwili, wa mbele ni mkongo na wa nyuma ni mtiki. Ushauri ni ule ule?

seremala_kizota

Mkongo ni ule ule, ni mgumu na umetulia kama mninga, ila una rangi ya manjano ndani yake inayotoka ukilowa. Usiuache mtupu wakati wa mvua, utatia doa ukuta na sakafu. Mtiki una mafuta yake ya asili. Ufute kwa tina, na mara tu tina ikipaa, paka siku hiyo hiyo kabla mafuta hayajapanda tena juu. Ukikaa nao hadi kesho, rudia kufuta. Mlango wa nyuma unatazama wapi?

mgeni_manyoni

Kusini, na una baraza kubwa.

seremala_kizota

Basi huo wa mtiki hauna haraka. Shughulika na wa mbele kwanza.